Baraza ya mbao na uzio kwenye nyumba kongwe ya pwani: usiifunge ukutani

*"Habari za kazi, fundi. Marehemu babu alituachia nyumba Pangani, ya mawe na chokaa, inatazama bahari. Mimi na mume wangu tuko Dar, huwa tunakwenda likizo, na tukistaafu tunataka kuhamia huko. Tunataka kujenga baraza ya mbao upande wa baharini, kama futi 12 kwa 20, kimo cha ngazi tatu maana sakafu ya nyumba imeinuka. Tunataka na uzio. Uzio wa kwanza tulijenga miaka minne iliyopita: nguzo za bomba la chuma na mbao za msonobari zilizopigwa vanishi. Sasa mabomba yamekatika chini na mbao ukizishika zinamegeka. Fundi wa pale anasema baraza ifungwe ukutani kwa bolti ndefu ili isitikisike, na kwanza ukuta wa chini, ambao lipu yake inamwagika, upigwe simenti. Mjomba anasema tununue mtiki wa Muheza tusahau matatizo. Jirani yeye anapaka oili chafu kila mwaka. Nimsikilize nani? Na uzio tuujenge kwa kitu gani?"*

Dada yangu, poleni kwa uzio. Bomba la chuma la kawaida likikatika baada ya miaka minne mbele ya bahari, usimlaumu sana aliyelichomelea. Huo ndio umri wake pale upepo wa chumvi unapopiga bila kizuizi.

Nikujibu la nani wa kumsikiliza kabla sijaeleza sababu. Fundi wako ana haki kutaka baraza isiyotikisika, ila mahali anapotaka kuifunga ndipo penye matatizo. Mjomba yuko sawa kuhusu mtiki, lakini kuna mtiki na mtiki. Jirani msalimie tu, oili yake abaki nayo. Na simenti kwenye ukuta wa chini, tafadhali, isipigwe. Nitaanza na hiyo simenti ingawa hukuiuliza sana, kwa sababu baraza mbovu utaibomoa ujenge nyingine, lakini ukuta wa babu ukiharibika hakuna duka linalouza mwingine.

Kuta za nyumba kama hiyo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Tumbawe lina vitundu, na chokaa nayo haizibi. Maji yanapanda kutoka ardhini, mvua ya masika inapiga ubavuni, ukuta unakunywa. Kisha jua na upepo vinayatoa maji yale yale. Nyumba imefika umri huo kwa sababu kila ilipolowa iliachiwa nafasi ya kukauka. Sasa, maji yakitoka ukutani yanaiacha chumvi nyuma. Kwenye lipu ya chokaa chumvi inafika hadi usoni, unaiona kama unga mweupe, lipu inachoka, inamwagika, na baada ya miaka kadhaa inapigwa nyingine. Ndivyo ilivyokusudiwa: lipu iliwe, jiwe libaki. Hicho unachokiona pale chini kikimwagika, kwa sehemu kubwa, ni lipu iliyomaliza kazi yake.

Simenti ni ngumu kuliko tumbawe na inabana. Ukiipiga pale chini, maji hayaachi kupanda. Yanakosa tu pa kutokea, yanapanda zaidi, na baada ya msimu mmoja au miwili utaona unyevu juu ya pale simenti ilipoishia, au ndani ya chumba ambacho kilikuwa kikavu siku zote. Chumvi nayo inaganda kuwa fuwele nyuma ya simenti, na fuwele zikikua zinasukuma. Siku kipande kinapodondoka, kiokote ukigeuze: utakuta nyuma yake kumeng'ang'ania matumbawe. Uso wa jiwe umeondoka na simenti. Ukirudia mara mbili tatu, ukuta unaanza kuwa mwembamba kwa chini, na hapo ndipo nyufa za kweli huanzia.

Basi kwangua lipu iliyolegea kwa mkono, piga brashi kavu, uache ukuta upumue mwezi mzima au zaidi, halafu piga lipu ya chokaa. Chokaa iliyorowekwa vizuri, na mchanga msafi wa mtoni. Mtafute fundi mtu mzima aliyezoea chokaa. Wapo bado Pangani, Tanga na Bagamoyo, na Unguja wapo wengi zaidi kwa sababu ya kazi za Mji Mkongwe. Vijana wengi wamefundishwa simenti tu, na kwa tofali za simenti wako sawa kabisa. Shida inakuja wanapoihamishia simenti hiyo kwenye nyumba isiyo ya tofali zile.

Sasa twende kwenye bolti. Anachotaka fundi wako ni kupachika ubao mrefu ukutani, kisha mihimili ya baraza iegemee hapo. Kwenye nyumba ya zege ni njia ya kawaida. Kwenye ukuta wa matumbawe hapana, na sababu si moja. Kuta hizi mara nyingi zina nyuso mbili za mawe, na katikati vifusi vya mawe madogo na chokaa, kwa hiyo bolti ya kutanuka inatanuka ndani ya kitu kinachosagika na haishiki. Inashika siku ya kwanza, watu ishirini wakipanda siku ya harusi inaanza kucheza. Halafu nyuma ya ule ubao maji ya mvua yanakaa, ukuta haukauki, mbao nayo inaoza kwa upande usioonekana. Bolti ikishika kutu inavimba, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ule uvimbe unapasua jiwe kutoka ndani. La mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi: unawajengea mchwa daraja. Kutoka kwenye mihimili ya baraza wanaingia ukutani, kutoka ukutani wanakwenda kwenye fremu za milango na kwenye boriti za dari, ambazo vichwa vyake vimezikwa ndani ya ukuta usipoweza kuviona. Utajua siku dari inapobonyea.

Baraza yako isimame kwa miguu yake. Iache sentimita 5 hadi 7 kati yake na ukuta, pengo ambalo ufagio unaingia na mwanga unapita. Mtu akisimama mlangoni hataliona, na kama wasiwasi wako ni mguu wa mtoto, libane hadi 5. Na huo utulivu anaoutafuta fundi kwenye bolti atautoa kwenye mbao za mshazari kati ya nguzo, pande zote mbili, urefu na upana. Baraza iliyofungwa mishazari vizuri haitikisiki hata ngoma ikipigwa juu yake.

Kwa ukubwa ulioutaja, yaani takriban mita 3.6 kwa 6, nguzo 12 zinatosha kwa raha: safu tatu zinazokwenda sambamba na ukuta, kila safu nguzo nne, nguzo hadi nguzo mita 2. Safu ya ndani usiisogeze hadi ukutani. Iweke sentimita 45 hivi kutoka ukutani na uiache mihimili ijitokeze kuelekea nyumba. Sababu ni kwamba misingi ya nyumba hizi mara nyingi ni mifupi, na ukichimba mashimo yakiambatana na ukuta unaulegeza udongo unaoushikilia. Usikubali mtu achimbe mtaro mrefu kando ya ukuta kwa sababu yoyote ile, hata kwa nia njema ya "kuondoa unyevu".

Juu ya nguzo za kila safu laza boriti, juu ya boriti weka mihimili ya inchi 2 kwa 6, kila sentimita 40, na juu yake mbao za kukanyagia zikiachiana nafasi ya milimita 5 au 6. Uso wa baraza uwe chini ya kizingiti cha mlango kwa sentimita 5 au zaidi, vinginevyo mvua ya upepo itakuingilia sebuleni. Angalia pia maji ya paa yanadondokea wapi. Yakidondokea juu ya mbao karibu na ukuta, yataruka na kulowesha ukuta kila mvua, na kazi yote ya chokaa itakuwa bure. Weka mfereji, au vuta ukingo wa paa utokeze zaidi.

Chini ya kila nguzo weka kitako cha zege kilichopanda sentimita 15 juu ya ardhi, kina mteremko juu ili maji yasikae. Nguzo isizame ndani ya zege. Isimame juu ya kiatu cha chuma chenye mwanya mdogo, ili kichwa cha mbao kisikae ndani ya maji. Mbao hunywa maji kwa kichwa chake kuliko kwa ubavu, kwa hiyo kila mahali mbao ilipokatwa ndipo ugonjwa unapoingilia. Faida nyingine ya kitako kilicho wazi ni kwamba mchwa wa ardhini lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya zege ili afike kwenye mbao. Mtu anayepita na tochi mara moja kwa mwezi ataiona na kuivunja. Mwanya wa chini ya baraza usiufunge kwa matofali wala usiugeuze stoo. Upepo upite, na mtu aweze kutambaa chini yake.

Zege lenyewe lisiwe la mchanga wa ufukweni wala la maji ya kisima chenye chumvi. Chumvi ndani ya zege inakula nondo, nondo inavimba, zege inapasuka. Kuchota mchanga ufukweni bila kibali ni kosa, na isitoshe unauchimba ufukwe unaolinda nyumba yako mwenyewe.

Nimefika kwenye mbao. Mjomba anazungumzia shamba la mitiki la Longuza, Muheza, chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kweli huo ni mtiki wa kuaminika. Lakini sifa za mtiki ziko kwenye moyo wa mti, ile sehemu ya kahawia yenye mafuta. Sehemu nyeupe ya nje haina sifa hizo, mchwa wanaila kama mbao nyingine yoyote. Mti ukiwa mchanga, hasa ile mitiki membamba inayokatwa kupunguza msongamano shambani, sehemu kubwa ni hiyo nyeupe. Na inauzwa vilevile, kwa jina lile lile, na muuzaji hakudanganyi akisema ni mtiki. Kwa hiyo usinunue kwa jina. Geuza kila ubao, tazama kichwa na pande zote mbili, na ulio na ukanda mweupe mpana uweke pembeni, utumike ndani ya nyumba. Ukishindwa kusimama mwenyewe kwenye lundo, mtume mtu anayejua kutazama.

Mvule ni mzuri sana nje, tatizo ni bei na upatikanaji. Mbambakofi kwa nguzo sina la kuusema vibaya, isipokuwa misumeno ya fundi itakulalamikia. Mninga ningeuacha kwa milango na samani. Msonobari uliokuangusha si mbao mbaya kama umetiwa dawa kweli, kwa mtambo wa shinikizo, siyo kupakwa rangi ya kijani. Namna ya kujua ni rahisi: mwambie muuzaji akate ubao mmoja katikati mbele yako. Ukiona kijani imeingia ndani kwa upana wa kutosha kuzunguka ubao mzima, ni dawa. Ukiona mstari mwembamba kama wa kalamu pembezoni na katikati peupe, hiyo imechovywa tu. Kila mahali utakapokata ubao wenye dawa, kile kichwa kipya kipakwe dawa ya mbao tena, maana umefungua mlango. Na vipande vinavyobaki, dada, visiingie jikoni hata kimoja. Dawa ya kijani iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu, na jivu lake pia. Vifukie mbali na kisima, na uwaambie mafundi wazi, kwa sababu kuni za bure hazikataliwi mahali popote.

Mbao yoyote utakayochagua, iwe na alama ya nyundo, ule muhuri wa maofisa misitu unaogongwa kwenye mbao, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Bila hizo, lori likisimamishwa njiani hasara ni yako. Boriti za mikoko hali kadhalika: mikoko ya Tanzania ni misitu iliyohifadhiwa, haikatwi bila kibali, hata kama kijana anakuambia ameitoa "pale mtoni tu".

Mbao zikifika Pangani zisipigiliwe siku hiyo hiyo. Zipange kivulini zikiachanishwa kwa vijiti, upepo upite katikati, wiki tatu au nne. Zilizokuja na maji zitasinyaa, zilizokauka bara zitavimba kidogo kwa unyevu wa pwani, na ni heri mambo hayo yatokee kabla hujapima mianya.

Nimeandika mengi kuhusu mbao, lakini kwenye baraza nyingi za pwani nilizozikagua, kilichokufa kwanza kilikuwa chuma. Mbao bado nzima, skrubu zimekatika ndani yake. Watu wanadhani kutu inaletwa na mvua. Mvua kwa kweli inasaidia, inaosha. Chumvi ikitua juu ya chuma inavuta maji kutoka hewani yenyewe mara unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75, na usiku wa pwani yetu unapita hapo bila shida. Maana yake skrubu yako imelowa usiku kucha hata kiangazi, tena imelowa maji ya chumvi. Ndiyo sababu mahali palipofunikwa na paa, ambapo mvua haioshi, kutu huwa mbaya zaidi kuliko pale panapoloweshwa. Wenye nyumba wengi hushangaa wakiliona hilo.

Nunua skrubu na bolti za stenlesi ya daraja 316. Kichwani mwa bolti huwa imeandikwa A4. Iliyoandikwa A2 ni daraja la chini, inafaa jikoni au mjini, siyo hatua chache kutoka kwenye mawimbi. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, soma maandishi. Hata A4 itapata madoa ya kahawia juu juu, hayo ukiosha kwa maji baridi na brashi yanatoka. Kwa viatu vya nguzo, kama stenlesi imekushinda bei, tumia chuma kilichozamishwa kwenye zinki ya moto. Kinatambulika kwa rangi ya kijivu iliyofifia na uso wenye vipele. Kile kinachong'aa kama kioo kimepakwa zinki nyembamba kwa umeme, hakimalizi miaka miwili kwako. Misumari ya kawaida isitumike kabisa, kwanza kwa kutu, pili kwa sababu mbao kama mvule zikikutana na chuma na maji zinatoa madoa meusi yasiyofutika, na shaba iliyomo kwenye mbao za dawa inaharakisha kuliwa kwa chuma cha kawaida. Toboa tundu kabla ya kila skrubu, hasa karibu na vichwa vya mbao, vinginevyo zitapasuka. Ukihitaji kubana bajeti punguza ukubwa wa baraza, futi 10 kwa 16 zinakaa familia vizuri, lakini skrubu usizipunguze daraja.

Vanishi iliyoharibu uzio wako ilifanya kosa lile lile la simenti: ilifunga. Vanishi ni ngozi juu ya mbao. Jua la pwani linaikausha, mbao inavimba na kusinyaa chini yake, ngozi inapasuka nywele nywele, maji yanaingia kwenye ufa na hayana pa kutokea. Mbao inaozea ndani ya vanishi inayong'aa. Juu ya sakafu inayokanyagwa usiweke vanishi kabisa. Tumia mafuta ya mbao yanayoingia ndani, yenye kinga ya jua na ya ukungu, au usiweke chochote. Ndiyo, chochote. Moyo wa mtiki na mvule ukiachwa wazi unageuka kijivu, na watu wakiona kijivu wanadhani imeoza. Ni jua limekula unene mdogo sana wa juu, ndani mbao ni ile ile. Ukitaka kujua kama imeoza choma kwa bisibisi. Ikiingia kama kwenye keki imeoza, ikigoma ni nzima hata kama rangi yake haikufurahishi. Mimi binafsi naipenda ile rangi, inaendana na chokaa, lakini hayo ni macho yangu.

Mabaharia wa majahazi walipaka sifa, mafuta ya papa, na yanafanya kazi. Ila chombo kiko baharini na wewe utakunywa chai juu ya hiyo baraza, kwa hiyo fikiria harufu. Oili chafu ya jirani, tofauti na sifa, haina hata faida hiyo. Haiingii ndani vya kutosha kuzuia mchwa pale ardhini, ina mabaki ya metali kutoka kwenye injini, na kwenye mchanga wa pwani inashuka moja kwa moja hadi kwenye maji ya visima.

Kazi yote ifanyike kuanzia Juni, masika yakishaisha, na kumaliza kabla ya vuli. Kwa kuwa huo ni wakati wa kusi na upepo unabeba chumvi, kabla ya kupaka mafuta osha mbao kwa maji baridi, ziache zikauke siku mbili tatu, ndipo upake. Mafuta juu ya chumvi yanabanduka. Baada ya hapo, kuosha kwa maji baridi kila mwisho wa kusi ndiyo huduma kubwa kuliko zote, na haihitaji fundi.

Sasa uzio. Mabomba yamekatika "chini", na naamini ni usawa wa ardhi, shingoni. Nguzo zote, za chuma na za mbao, hufia hapo, kwa sababu hapo ndipo maji na hewa vinapokutana kila siku. Ndani kabisa ardhini hewa ni kidogo, juu pamekauka, katikati ndiko kuna vita. Basi hapo ndipo fedha ziende. Chaguo langu la kwanza kwako ni nguzo za zege zilizomiminwa vizuri, nondo zikiwa zimefunikwa kwa sentimita 5 za zege kila upande. Zile nyembamba za bei rahisi, ambazo nondo iko karibu na uso, zitapasuka. La pili ni nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, kama zile za umeme lakini ndogo. Upande uliokatwa usiende ardhini, uende juu, ukatwe mshazari na kupakwa dawa. Kwenye mchanga mlegevu theluthi moja ya urefu wa nguzo iwe ardhini. Mbao za uzio zisiguse chini, ziache sentimita 10.

Usijenge ukuta mzima wa mbao zilizobanana. Uzio uliobanana kwenye upepo wa kusi ni tanga, na nguzo zako ndizo mlingoti. Zikiachiana nafasi, karibu nusu wazi nusu mbao, upepo unachujwa badala ya kugonga, na nyuma yake pametulia kuliko nyuma ya ukuta mzima ambako upepo unaruka na kuanguka kwa vurugu. Faragha ukiitaka, panda mimea nyuma ya uzio. Mchongoma unafaa, bugenvilia inavumilia chumvi, mvinje ukiwa na eneo la kutosha. Mnyaa unashika haraka na hauombi maji, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo penye watoto siupendekezi. Na usiudharau uzio wa fito na kamba za usumba, au wa makuti. Unabadilishwa kila baada ya miaka michache, ni kweli, ila kazi hiyo inafanywa na mtu wa kijijini kwa siku moja bila skrubu hata moja, na unaendana na nyumba. Kwa upande wa pembeni ambako hakuna wezi wala mbuzi, ningeufikiria. Popote uzio unapofika kwenye nyumba, nguzo ya mwisho isimame peke yake, upana wa kiganja kutoka ukutani. Isipigiliwe humo.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja, nenda halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ingawa nyumba ya babu ilikuwepo zamani, baraza na uzio mpya vinaweza kuhesabiwa ujenzi mpya. Uliza kwa maandishi, upewe jibu kwa maandishi. Uliza pia upande wa mambo ya kale: Sheria ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na mengine yanaweza kutangazwa kuwa ya kulindwa. Kama wavuvi wana njia yao ya kupita kwenda majini, uzio usiizibe. Achia mbali sheria, hutalala vizuri hapo mahali ukiwa umegombana nao.

Yapo ambayo siwezi kukuamulia kwa maandishi, na fundi wa baraza naye asikuamulie. Ukiona ufa unaopita kutoka chini hadi dirishani, au unaoingia kidole, au ukuta uliovimba katikati, mwite mhandisi wa majengo, ikiwezekana aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba za mawe na chokaa, kabla baraza haijaanza. Vivyo hivyo ukigonga boriti za dari kwa nyundo ndogo na kusikia mlio mtupu, au ukikuta chini yake vichembe vikavu kama mchanga mkubwa vilivyorundikana. Hao ni mchwa wa mbao kavu. Hawapiti ardhini, kwa hiyo dawa ya kumwaga msingini haiwafikii, wanahitaji mtu wa dawa atakayeiona hiyo boriti yenyewe. Na kama ardhi upande wa baharini imeliwa na mawimbi tangu ulipokuwa mdogo, pima umbali kati ya kona ya nyumba na ukingo, andika na tarehe, pima tena baada ya kusi. Ikiwa umepungua, fedha za baraza zisubiri, kwanza aje mtu wa kutazama ufukwe.

Ukipata nafasi nitumie picha za ukuta wa chini kabla ya kukwangua, moja ya karibu na moja ya mbali, na picha ya vichwa vya mbao za mtiki utakazooneshwa Muheza. Kwa hivyo viwili nitaweza kukuambia zaidi.